Naomba kiti cha mbele

*Katika bustani kubwa za burudani, kiti unachokalia hubadili safari nzima. Kiti hicho huombwa, tena bila malipo, ila wanaolijua hilo ni wachache.*

NA MWANDISHI WETU

Mhudumu anahesabu vichwa, kisha anagawa kadi. Hapa ni mwisho wa foleni ya Millennium Falcon: Smugglers Run, mchezo uliofunguliwa mwaka 2019 katika bustani za Disney za California na Florida, nchini Marekani. Kila kadi ina kazi yake: rubani, mpiga mizinga au fundi mitambo. Chumba cha chombo kina viti sita, na kadi uliyoshika ndiyo inayokupa kiti.

Marubani wawili hukaa mbele kabisa, kioo kizima kikiwa chao. Wa kushoto hukielekeza chombo kushoto na kulia. Wa kulia hukipandisha na kukishusha, na ndiye anayevuta wenzo wa kukirusha kwa kasi inayozidi ya mwanga. Nyuma yao wako wapiga mizinga, na nyuma ya hao mafundi. Vitufe vya watu hawa wanne vimewekwa ubavuni mwa chumba, kwa hiyo anayefanya kazi yake kwa bidii hulazimika kugeuza shingo, na safari akaiona nusunusu.

Siku ya msongamano mambo huenda hivi. Familia iliyotoka mbali hupokea kadi ilizopewa, ikashukuru na kupita. Mtoto aliyesubiri mwaka mzima ashike usukani hujikuta fundi. Nyuma yao hufika kundi la wenyeji wanaokuja bustanini mara kwa mara, na kabla mhudumu hajamaliza salamu wameshamweleza kwamba wangependa viti vya marubani, na kama vimekwisha watasubiri zamu ijayo. Mara nyingi hukubaliwa.

Makundi hayo mawili yamepanga foleni moja, juani pamoja. Moja lilijua kuwa kiti kinaombwa, lingine halikujua. Kwa maoni yangu hapo kuna dhuluma ndogo ambayo wenye bustani wangeweza kuiondoa kesho asubuhi bila kutumia senti, na mvutano wa viti katika bustani hizo hauwezi kueleweka vizuri bila kuanzia hapo.

Wa nyuma huvutwa

Anayepanda daladala kila siku anajua jinsi kiti cha kando ya dereva kinavyogombewa. Kwenye rolakosta, ile treni ya burudani inayopanda mlima wa chuma na kuporomoka, ugomvi huo una sababu nzito zaidi, nayo ni ya kifizikia.

Mabehewa ya treni hiyo yamefungwa moja kwa jingine, kwa hiyo wakati wowote yote yana mwendo mmoja. Kinachotofautiana ni mahali kila behewa lilipo mwendo huo unapobadilika. Mnyororo ukiivuta treni hadi kileleni, behewa la mbele huvuka kilele polepole. Linainama, linaning'inia juu ya mteremko, likiwangoja wenzake walio bado upande wa pili. Uzito ukishahamia upande wa kushukia, treni inaanza kukimbia, na behewa la mwisho hufika kileleni wakati mwendo umeshakuwa mkubwa. Abiria wake hawashuki mteremko, wanavutwa kuingia ndani yake. Makalio huachana na kiti, na mkanda ndio unaowarudisha.

Behewa la katikati lina tabia yake. Treni ikipita bondeni, hilo ndilo linalokuwa chini kabisa wakati mwendo umefika kilele chake, na abiria wake ndio wanaogandamizwa zaidi kitini. Kwenye vilele, hata hivyo, hutulia kuliko wenzao wa mbele na wa nyuma. Mwenye woga anayelazimishwa na rafiki zake kupanda afadhali akae hapo.

Safu ya mbele, kwa upande wake, ina upepo na macho. Millennium Force ya Cedar Point, jimbo la Ohio, ilifunguliwa mwaka 2000 ikiwa na kilele cha mita 94 na mwendo wa takriban kilomita 150 kwa saa. Aliyekaa mbele hana kichwa cha mtu wala mgongo wa kiti mbele yake. Ana reli tu, na ziwa Erie pembeni. Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, hufikia kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, na abiria wote huvalishwa miwani ya kukinga macho. Mtu wa safu ya nne hupata mwendo uleule wa mtu wa mbele, lakini upepo anapata uliokwisha kukatwa na wenzake.

> Abiria wa nyuma hawashuki mteremko, wanavutwa kuingia ndani yake.

Wazoefu huenda mbali zaidi. Hukwepa safu iliyo juu ya magurudumu, hasa kwenye rolakosta kongwe za mbao, kwa sababu kila mtikisiko wa reli hupanda moja kwa moja hadi mgongoni. Kwenye zile ambazo viti vimetokeza nje kama mabawa, huomba kiti cha ukingoni kabisa, kwa kuwa treni ikijizungusha, aliye ukingoni huchora duara kubwa kuliko aliye karibu na reli.

Figo ndani ya begi

Anayedhani haya ni maneno ya watoto wa mjini wasio na kazi, na asikilize kisa cha rolakosta ya Big Thunder Mountain.

Daktari David Wartinger wa Chuo Kikuu cha Michigan State alisikia kwa wagonjwa wake jambo lililojirudia: walikwenda Walt Disney World, bustani za Disney za Florida, wakiwa na vijiwe vya figo, wakarudi vimetoka. Mmoja alieleza kwamba alipanda Big Thunder Mountain kikatoka kijiwe, akapanda tena kikatoka cha pili, akapanda mara ya tatu kikatoka cha tatu.

Wartinger na mwenzake hawakucheka. Walitengeneza figo bandia ya silikoni, wakaitia mkojo na vijiwe halisi vya ukubwa mbalimbali, wakaiweka ndani ya begi na kuishikilia usawa wa kiuno. Wakaomba ruhusa ofisi ya wageni, kisha wakapanda mara 20, wakikaa mbele mara nyingine na nyuma mara nyingine kwa makusudi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Walipokaa mbele, vijiwe 4 kati ya 24 vilitoka, yaani chini ya asilimia 17. Walipokaa nyuma vilitoka 23 kati ya 36, karibu asilimia 64. Treni ni ileile, reli ni ileile, dakika ni zilezile. Mwaka 2018 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel ya tiba, tuzo inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Ile ilikuwa figo ya silikoni, na mwenye maumivu ya figo mahali pake ni hospitalini. Lakini kwa hoja ya makala haya takwimu zile zinatosha: mwili wa aliyekaa nyuma na wa aliyekaa mbele haukupitia safari moja.

Kilimanjaro chini ya viatu

Hata kwenye michezo ya polepole kiti kina maana. Soarin', mchezo mwingine wa Disney, ni mfano unaotugusa sisi moja kwa moja. Abiria hukaa kwenye viti vilivyoning'inizwa, katika sehemu tatu zilizo sambamba, kila sehemu ikiwa na safu tatu. Mtambo huwanyanyua mbele ya skrini kubwa mno iliyopinda kama bakuli, na filamu huwafanya wajione wanaruka.

Katika filamu ya kuzunguka dunia iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2016, mojawapo ya vituo ni Mlima Kilimanjaro. Tembo wanatembea nyikani, harufu ya nyasi inapulizwa ukumbini, na theluji inang'aa kileleni. Safu ya kwanza ndiyo inayonyanyuliwa juu kuliko zote. Aliyekaa safu ya tatu ataiona Tanzania ikiwa na jozi kadhaa za raba zinazoning'inia juu ya picha.

Tena aliyekaa pembeni huona majengo yamepinda, kwa sababu picha imepigwa kwa ajili ya jicho la katikati. Mnara wa Eiffel huinama kama mnazi uliopigwa na kusi. Kwa hiyo wazoefu huomba sehemu ya B, safu ya 1, na husubiri kwa hiari dakika kadhaa za ziada ili kuipata. Mtu wa Moshi aliyejinyima miaka mingi ili afike Florida na wanawe hana habari kwamba kuna B1. Hilo ndilo linaloniuma.

Sekunde zina bei

Wenye bustani nao wana hoja, tena yenye uzito.

Chukua treni ya viti 36, ukubwa wa zile za Millennium Force. Ikiondoka treni moja kila sekunde 100, kwa saa moja zitaondoka 36, na watu 1,296 watapanda. Sasa weka mabishano ya viti yanayochelewesha kila treni sekunde 20 tu. Zitaondoka treni 30, na watapanda watu 1,080. Watu 216 wamekosa nafasi ndani ya saa moja, na kwa siku ya saa kumi ni zaidi ya elfu mbili. Foleni iliyokuwa ya dakika 60 inaanza kusogelea 75, na anayeumia ni yule aliye mwisho, ambaye hakuomba chochote.

Ndiyo maana bustani zimegawanyika. Kuna majukwaa yenye kijigeti kwa kila safu, na mgeni hujichagulia mwenyewe: anayetaka mbele hupanga nyuma ya wenzake wanaotaka mbele, naye hulipa kwa muda wake. Kwingine mhudumu husimama mlangoni na kukuonyesha namba ya safu kwa kidole. Utaratibu huu wa pili hujaza viti haraka zaidi, hasa makundi ya watu watatu yanapokutana na safu za viti viwili.

Zipo pia foleni za wanaopanda peke yao. Hao huitwa kuziba kiti chochote kilichobaki wazi, na kwa malipo hayo ya kuacha uchaguzi hupita haraka kuliko wengine. Mwenye kuingia foleni hiyo kisha akadai safu ya mbele anavunja ahadi aliyoiweka mwenyewe, na hapo namuunga mkono mhudumu moja kwa moja.

Isitoshe, kuna michezo ambayo kiti hakiwezi kuachiwa mgeni. Kwenye mashua ndogo na vigari vyepesi, mhudumu hupanga watu kwa kutazama uzito ili chombo kisiegemee. Mtoto mdogo huwekwa karibu na mtu mzima. Katika bustani za Disney, mtoto aliye chini ya miaka 7 lazima apande na mtu mwenye miaka 14 au zaidi. Mhudumu anayekuhamisha kwa sababu hizo hakukuonea.

Ombi lililokwenda mrama

Kwa miaka mingi, mgeni wa Walt Disney World aliyeuliza kwa adabu aliweza kukaa kwenye chumba cha mbele cha treni ya reli moja, kando ya dereva. Lilikuwa miongoni mwa maombi yaliyopendwa mno na familia: kioo kipana, kituo kikikujia, na dereva akijibu maswali ya watoto.

Usiku wa kuamkia Julai 5, 2009, treni mbili za huduma hiyo ziligongana kituoni. Dereva mmoja, kijana wa miaka 21, alifariki dunia. Baada ya hapo kukaa mbele na dereva kukapigwa marufuku. Nadhani walifanya sahihi. Chumba kinachobondeka kwanza treni inapogonga si mahali pa kumpa mtoto kama zawadi.

Kisa cha pili ni kibaya zaidi, na kinahusu kiti chenyewe. Machi 24, 2022, mjini Orlando, kijana wa miaka 14 alipanda Orlando FreeFall, mnara wa takriban mita 131 ambao viti vyake 30 huachiwa vianguke kutoka juu. Alikuwa na mwili mkubwa. Mnara ulipofunga breki, alichomoka kitini, akafa.

Wachunguzi waliotumwa na idara ya kilimo ya Florida, ambayo ndiyo inayokagua mitambo ya burudani katika jimbo hilo, waligundua kwamba kihisi cha kizuizi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono. Kizuizi kilibaki na uwazi mkubwa kuliko wa viti vingine, na bado taa zikaonyesha kuwa kila kitu kiko salama. Kiti kilikuwa kimelegezwa ili kiwapokee watu wakubwa. Mwaka 2023 mnara huo ulivunjwa, na jimbo likapitisha sheria yenye masharti makali zaidi ya vizuizi na ukaguzi.

> Kiti cha mtu mkubwa kinatengenezwa kiwandani, hakilegezwi kwa bisibisi jukwaani.

Kila ninaposikia mgeni akimfokea mhudumu kwa kumkatalia kiti fulani, namkumbuka kijana yule. Kukataa kwa mhudumu kunaweza kuwa ndiko kunakomrudisha mtu nyumbani. Na kiti cha mtu mkubwa kinatengenezwa kiwandani, hakilegezwi kwa bisibisi jukwaani.

Wanaoomba kwa haja

Viti vya namna hiyo vipo, vimechorwa na wahandisi na kupimwa. Kwenye Harry Potter and the Forbidden Journey, mchezo uliofunguliwa Orlando mwaka 2010, viti vya pembeni mwa benchi vilifanyiwa marekebisho ili viwatoshe wenye miili mikubwa. Rolakosta nyingi za kampuni ya Bolliger & Mabillard ya Uswisi huwa na safu maalumu zenye viti vya mikanda miwili ya kufungia kizuizi. Nje ya michezo mingi huwekwa kiti cha majaribio, ili mtu ajipime kabla ya kusimama foleni saa mbili.

Lakini kiti cha majaribio hakisemi ni safu ipi inayokufaa. Mtu mnene anayepangiwa safu ya kawaida hujikuta amekaa, wahudumu wawili wanasukuma kizuizi kwa nguvu, treni nzima inamtazama, kisha anaambiwa ashuke. Hutembea mbele ya watu wote hadi mlango wa kutokea, pengine wanawe wakiwa wameshafungwa mikanda. Na safu mbili nyuma yake kilikuwapo kiti ambacho kingemtosha. Ukatili huu ungeondolewa na sentensi moja ya mhudumu, iliyosemwa taratibu kabla mtu hajakaa.

Wazazi wa watoto wenye usonji wana haja nyingine. Kwa baadhi ya watoto hao, kukaa mahali palepale walipokaa mara iliyopita ndiko kunakowawezesha kupanda. Kubadilishiwa kiti dakika ya mwisho, king'ora kikilia na watu wakipiga kelele, kunaweza kuivunja siku nzima. Mei 2024 Walt Disney World ilibadili utaratibu wake wa kuwasaidia wageni wenye ulemavu kwenye foleni, ukalenga zaidi walio na usonji na hali zinazofanana nao, na wenye ulemavu wa aina nyingine wakalalamika kwamba wamefungiwa mlango. Mzozo huo ni wa foleni, ila unaonyesha hatari ya kuwafanya wenye haja wagombane wao kwa wao.

Kwa hiyo kwangu mpangilio ni huu: usalama kwanza, haja ya mwili pili, hamu tatu. Mwenye hamu asubiri. Kusubiri ndiko bei yake, na ni bei ambayo tajiri na maskini huilipa kwa sarafu moja.

Hofu ya kesho

Sarafu hiyo inaweza kubadilishwa. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, tiketi ya kupunguza kusubiri ambayo kila mgeni aliipata bure. Mwaka 2021 nafasi yake ilichukuliwa na huduma ya kulipia. Mwaka 2024 ikaja tiketi ya daraja la juu kabisa ambayo, kwa siku zenye watu wengi Florida, ilifika dola 449 kwa mtu mmoja, mbali na kiingilio. Kilichokuwa cha wote kikapanda ngazi hatua kwa hatua hadi kikawa cha wachache.

Mashirika ya ndege nayo yalianza kwa kumruhusu abiria aombe dirisha. Leo dirisha lina bei yake kwenye skrini, na familia isiyolipa inaweza kutawanywa ndani ya ndege.

Siamini kwamba safu ya mbele itasalimika yenyewe. Ni bidhaa iliyo tayari: kila mtu anaitaka, ni chache, na kuna foleni inayothibitisha kiu hiyo. Siku itakapouzwa, mtoto wa mwenye fedha ataona reli na anga, na mtoto wa aliyejinyima ataona kisogo cha mwenzake. Mgeni akae popote penye kiti kinachomfaa, ila asiombwe pochi jukwaani.

Semeni mlangoni

Dawa ninayoipendekeza ni ubao. Mlangoni tayari pana ubao wa urefu wa watoto, wa wajawazito na wa wenye maradhi ya moyo. Uongezwe mstari: mgeni anaweza kuomba safu, viti vya miili mikubwa viko safu fulani, anayeomba mbele atasubiri zaidi. Uandikwe kwa lugha za wageni wanaofika. Wahudumu nao wafundishwe kuuliza badala ya kungoja kuulizwa.

Kwa wasomaji wetu watakaosafiri, uombaji wenyewe ni rahisi. Orlando sema kwa Kiingereza cha kawaida, kwa tabasamu, na useme kwamba uko tayari kusubiri zamu ijayo. Abu Dhabi na Dubai si ajabu anayekufungia mkanda akawa kijana wa Mombasa au Kampala, maana wengi wa kwetu wameajiriwa huko katika utalii. Msalimie, mwite kaka au dada, kisha mweleze haja yako. Kama una mtu mwenye mwili mkubwa au mtoto mwenye hofu, litaje hilo kwanza.

Na useme kabla hujaonyeshwa namba ya safu. Mhudumu akishawapanga walio nyuma yako, kukuhamisha wewe ni kuwahamisha wote.